Bentley Continental GTC Speed mpya: gari la wazi linalozima injini, na barabara zetu za Dar

#1 Mleta uzi

Heshima kwenu wakuu.

Crown, Harrier na Prado tumeshazichambua humu mpaka basi. Leo naomba tuzungumzie ndinga ambayo wengi wetu hatutainunua, ila kwa mpenzi wa magari ina mambo mazito ya kujadili: Bentley Continental GTC Speed ya kizazi cha nne, iliyozinduliwa Juni 2024. GTC ndiyo ile ya kufungua paa. GT bila C ina paa gumu lisilofunguka.

Nitaanza na ninachokiamini, halafu mnipinge. Kila mahali gari hili linasifiwa kwa mbio: kutoka sifuri hadi km 100 kwa saa kwa sekunde 3.4, na mwendo wa juu wa km 285 kwa saa. Mimi nasema sifa yake kubwa iko kwingine kabisa. Unafungua paa, injini ya petroli inazimika, na gari linaendelea kwenda kwa umeme. Kwa mji wa joto, wa pwani na wa foleni kama wetu, hilo lina thamani kuliko hizo mbio zote.

Tangu Continental GT ya kwanza ya 2003, injini kubwa ya familia hii ilikuwa W12, yaani ya silinda 12, ya lita 6. Uzalishaji wake pale Crewe, Uingereza, ulifikia mwisho 2024. Nafasi yake imechukuliwa na V8, ya silinda nane, ya lita 4 yenye turbo mbili, ikisaidiwa na mota ya umeme iliyowekwa ndani ya gia boksi ya gia nane. V8 peke yake inatoa PS (nguvu za farasi) 600, mota PS 190. Kwa pamoja zinafika PS 782 na nguvu ya mzunguko Nm 1,000. Atakayejumlisha atapata 790 na kuuliza hizo nane zimeenda wapi. Kila moja hufikia kilele chake katika kasi tofauti ya mzunguko, kwa hiyo vilele viwili havikutani mahali pamoja.

Betri ni ya kWh 25.9 na imekaa nyuma ya ekseli ya nyuma. Kiwanda kinasema gari linaweza kwenda hadi km 81 kwa umeme mtupu, tena hadi mwendo wa km 140 kwa saa bila kuiamsha V8. Mimi hizo 81 sizichukui zote. Weka kiyoyozi, weka foleni ya Mwenge, weka mguu mzito wa dereva, baki na 60. Mtu wa Mbezi Beach anayefanya kazi Posta anakwenda na kurudi kwa kama km 40. Maana yake ni kwamba siku ya kazi nzima inaisha bila petroli kuguswa, kwenye gari lenye PS 782.

Kwa nini nalisisitiza hili? Niliwahi kuwa dereva wa familia moja Oysterbay iliyokuwa na gari la wazi la injini kubwa. Lilikuwa gari zuri mno. Lakini fungua paa ukiwa umesimama kwenye taa za makutano ya Morocco, Kinondoni, saa kumi jioni uone. Joto la injini linapanda kupitia boneti linakupiga usoni, feni inavuma, silensa inanguruma, na mzee wangu aliyekaa pembeni inabidi apaze sauti ndipo nimsikie anataka tupite wapi. Tukawa tunafunga paa na kuwasha kiyoyozi. Mwisho wake gari la wazi likawa linatembea limefungwa karibu muda wote, na paa linafunguliwa pale tu wageni wanapotaka kupiga picha. Iliniuma, maana aliyechora gari lile hakulichora kwa ajili ya picha.

Sasa chukua barabara ileile, injini iko kimya. Kwenye Daraja la Tanzanite alfajiri, maji yamejaa chini yako, unasikia upepo na matairi basi. Mnaweza kuongea na mtu wa kiti cha nyuma kwa sauti ya kawaida. Hapo ndipo gari la wazi linapata maana yake.

Karibuni wakuu, tujadili kwa hoja.

#2 Mdau wa Tabata

Mkuu nakuheshimu ila hapa umekosea. Gari la wazi bila mngurumo ni nini sasa? Paa linafunguliwa ili uisikie injini vizuri! Kama ni kizazi kipya cha magari ya wazi, mfalme ni Ferrari 12Cilindri Spider, imezinduliwa Mei 2024 pale Miami. V12 ya lita 6.5, haina turbo wala mota ya umeme, nguvu 830, inazunguka hadi 9,500 kwa dakika. Sifuri hadi 100 kwa sekunde 2.95. Paa lake ni gumu, linafunguka kwa sekunde 14 hata ukiwa unatembea hadi km 45 kwa saa. Hiyo Bentley ina zaidi ya tani mbili na nusu. Utaisukumaje kwenye kona?

#3 Mleta uzi

Mkuu, 12Cilindri siipingi hata kidogo. Leo hii V12 isiyo na turbo ni kitu cha kupewa heshima, na kama ningekuwa naishi karibu na Maranello, Italia, kwao Ferrari, nikaipanda milimani asubuhi, ningekubaliana nawe neno kwa neno.

Lakini tuiweke hapa. Kilele cha nguvu zake kiko mzunguko wa 9,250, na nguvu ya mzunguko inafika kilele kwenye 7,250. Kutoka Masaki hadi Mlimani City utafika mzunguko huo wapi na kwa muda gani? Mjini mwendo wa kisheria ni km 50 kwa saa, matuta yapo, bodaboda wapo kulia na kushoto, na askari wa tochi anakusubiri mbele. Utanunua injini ambayo uzuri wake uko juu kabisa, halafu uishi chini kabisa. Mota ya umeme ya Bentley inatoa Nm 450 tangu unapoondoka. Nguvu inapatikana mahali pale ambapo sisi tunaendesha.

Halafu Ferrari ina viti viwili. GTC ina vinne. Vya nyuma havimfai mtu mzima kwa safari ya Morogoro, hilo nakubali, ila watoto wawili wanakaa vizuri kutoka Mikocheni hadi ufukwe wa Coco. Uzito ni kweli, unazidi tani 2.6, na hoja hiyo nitairudia maana inastahili jibu lake.

#4 Mdau wa Kijitonyama

Nawasoma wote wawili, na hakuna aliyegusa tatizo lenyewe. Dar unafungua paa saa ngapi? Mchana wa Februari nyuzi 32 na unyevunyevu juu yake. Barabara ya Bagamoyo vumbi la ujenzi wa mwendokasi. Ukisimama kwenye taa lori linakutolea moshi mweusi usoni. Simu na pochi viko wazi mbele ya kila anayepita. Kwangu gari la wazi ni la Ulaya huko wanakolililia jua.

#5 Mleta uzi

Hoja nzito hii, na sehemu yake naikubali: mchana wa Dar si wa gari la wazi. Anayefungua paa saa saba mchana Barabara ya Mandela anajitesa.

Ila Dar ina saa zake. Kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa moja na nusu asubuhi, na kuanzia jua linapozama kwenda mbele, hewa ya pwani yetu ni ya kipekee. Mtu wa London anafungua paa kipupwe kimekwisha, miezi michache tu, ndiyo maana viti vya hili gari vina kipasha joto cha shingo. Sisi tuna jioni hizo karibu mwaka mzima. Kile kipasha joto hatukihitaji. Kinachotufaa ni feni ya ndani ya kiti inayopitisha hewa mgongoni.

Tena angalia paa lenyewe. Ni la kitambaa cha tabaka kadhaa, linafunguka au kufunga kwa sekunde 19, na unaweza kulifunga ukiwa unatembea hadi km 48 kwa saa. Mjini hatuvuki 50, kwa hiyo unalifunga popote bila kusimama. Mtu aliyeishi Dar wakati wa vuli anajua mvua yetu haipigi hodi. Uko Kawe jua linawaka, ukifika Lugalo unaoga. Gari linalokulazimisha kusimama pembeni ndipo ulifunge, hapa litakulowesha. Na moshi ukiwa mbaya, sekunde hizo hizo 19 umejifungia na kiyoyozi chako.

Suala la vibaka sina jibu la kulipamba. Ukisimama kwenye foleni ya usiku, funga paa.

#6 Mdau wa Mbagala

Uzi mzuri. Nauliza tu, ushuru wake unakuwaje mpaka litue mtaani?

#7 Wakala wa forodha, Bandarini

Najibu kama mtu wa kazi hiyo. Kwa gari jipya la petroli lenye injini ya zaidi ya cc 2000, hesabu ya msingi ni hii. Chukua CIF ya shilingi milioni 100, yaani bei, bima na usafiri mpaka bandarini. Ushuru wa forodha 25% ni milioni 25. Ushuru wa bidhaa 10% unapigwa juu ya 125, unapata milioni 12.5. VAT 18% inapigwa juu ya 137.5, ni milioni 24.75. Jumla milioni 62.25, bado tozo za reli na za huduma za forodha na usajili. Hivyo kwa kila 100 andaa 62 na zaidi.

Hiyo Ferrari ya mdau wa Tabata inaingia kwenye hesabu hii moja kwa moja. Bentley ni haibridi ya kuchaji, na magari hayo yana kifungu chake kwenye orodha ya forodha, na viwango hubadilika na bajeti ya kila Juni. Usilipe chochote kwa muuzaji kabla wakala wako hajakusomea kifungu hicho kwa mwaka husika.

La pili, kuna watu wanavutiwa na bei za Dubai. Magari ya kule usukani uko kushoto. Kwa gari refu kama hili, kulipita lori Barabara ya Morogoro ukiwa umekaa upande wa mtaro ni hatari. Agiza la usukani wa kulia kutoka Uingereza, gari ni la kwao.

#8 Fundi wa magari, Ilala

Wakuu mimi naongelea matunzo, maana mkoko unaonekana mzuri siku ya kwanza.

Gari la wazi linakufa kwa maji kabla ya injini. Kila paa la kitambaa lina mifereji midogo ya kupitisha maji pembeni, yanatiririka mpaka chini ya gari. Ukiliegesha chini ya mkungu au mwarobaini, majani na maua yanaziba mifereji ile. Mvua ikinyesha, maji yanarudi ndani, yanaingia chini ya kapeti, na huko ndiko nyaya na visanduku vya kompyuta vinakokaa. Gari linaanza kuwasha taa za ajabu kwenye dashibodi, mtu anabadilisha sensa baada ya sensa, kumbe ni jani. Kabla ya masika safisha mifereji, si kwa upepo wa kompresa wenye nguvu maana unachomoa bomba kwenye kiungo chake, bali kwa waya laini wa plastiki taratibu.

Paa likiwa limelowa usilikunje ukaliacha hivyo. Kwa unyevu wetu siku chache tu ukungu umeshaingia kwenye kitambaa, na harufu yake haitoki. Lifunge, liache likauke, ndipo ulikunje. Na chumvi: mnaoishi Masaki na Mbweni, upepo wa bahari unakaa kwenye bawaba za paa. Osha kwa maji baridi yasiyo na presha kubwa.

Spea za gari hili hutazipata kwenye maduka ya Gerezani, Kariakoo. Kila kitu ni cha kuagiza, na mashine ya kusoma mifumo yake lazima iwe ya kisasa. Mwenye gari aweke bajeti ya kuagiza kwa ndege, ajue na muda wa kusubiri.

#9 Fundi umeme

Nami nichangie upande wa kuchaji. Chaja ya ndani ya gari inapokea hadi kW 11, na kwa kasi hiyo betri inajaa kwa saa 2 na dakika 45 hivi. Ila kW 11 zinahitaji umeme wa fezi tatu. Nyumba nyingi hapa zina fezi moja, hivyo utachaji taratibu usiku kucha, na kwa mtu anayelala nyumbani hilo si tatizo.

Gharama: kwa wateja wa kawaida wa nyumbani, LUKU ya shilingi elfu moja inatoa takriban uniti 2.8. Kujaza betri nzima chukua uniti 26, unapata kama shilingi 9,300. Kwa hizo unatembea zile km 60 alizosema mleta uzi. Linganisha na bei ya petroli ya EWURA ya mwezi huu kwa V8 inayokunywa kwenye foleni.

Tahadhari zangu ni mbili. Weka laini yake peke yake kutoka kwenye kisanduku kikuu cha umeme, yenye kikata umeme chake na ethi nzuri, usichomeke kwenye soketi ya sebuleni kwa waya wa kuunganisha. Na weka kinga ya umeme kupanda na kushuka, maana umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo unaua vifaa. Nyaya za rangi ya machungwa ndani ya gari ni za volteji kubwa, fundi asiyefunzwa asizishike.

Na barabara ya bonde la Jangwani ikifurika maji, geuza. Usijaribu.

#10 Mdau wa Tabata

Fundi umeme nimekuelewa, hesabu imenyooka. Lakini mleta uzi alisema atairudia hoja ya uzito, bado nasubiri.

#11 Mleta uzi

Nimerudi mkuu.

Paa la gari la kawaida linashika bodi isijipinde. Ukiliondoa, gari linabaki kama boksi la viatu lisilo na mfuniko: lishike pembe mbili uone linavyojikunja. Watengenezaji wanalazimika kurudisha ugumu ule kwa chini, kwa kuongeza chuma na alumini kwenye sakafu, kwenye nguzo za kioo cha mbele na nyuma ya viti. Ongeza mashine ya kukunja paa. Juu yake hapa kuna betri na mota. Ndiyo maana tunafika tani 2.6. Katika magari ya wazi ya bei nafuu ugumu haukurudishwa sawasawa, na utalijua kwa kupita barabara mbovu: kioo cha kati kinatetemeka, milango inalia.

Betri kukaa nyuma imesaidia jambo moja kubwa. Continental za W12 zilikuwa nzito puani. Hii uzito umegawanyika karibu nusu kwa nusu, nyuma ukizidi kidogo, 49 kwa 51. Magurudumu ya nyuma nayo yanakata kona kidogo, kwa hiyo pua ndefu ile inageuka kwa urahisi kwenye mitaa ya Upanga. Springi ni za hewa, na kuna mfumo wa volti 48 unaozuia bodi kulala upande kwenye kona. Fizikia haidanganyiki, Ferrari itakuwa nyepesi kwenye kona siku zote, hilo nakupa. Lakini barabara zetu haziombi gari jepesi la kukata kona. Zinaomba springi zenye subira, na hapa springi za hewa zina faida maana unaweza kuinua gari kidogo kabla ya tuta.

Ninachoumia nacho ni matairi. Haya mapana yenye ukuta mfupi hayana urafiki na mashimo. Baada ya mvua kubwa, njia za ndani za Mbezi na Goba zinakuwa na mashimo yenye kingo kama panga, na rimu ya gari hili si ya kupeleka kwa mchomeleaji. Mwenye nalo ajue njia zake, akae Toure Drive, Haile Selassie, Ali Hassan Mwinyi na barabara kuu zilizonyooka.

#12 Mdau wa Kigamboni

Na sisi wa huku je? Nikitaka kulileta Kigamboni Jumapili nipite nalo pantoni?

#13 Mleta uzi

Pantoni usiende nalo mkuu. Pua ni ndefu na ya chini, na pale kwenye ngazi ya kupandia, maji yakiwa yamekupwa, mteremko unakuwa mkali. Utakwangua bampa mbele ya watu wote wa Magogoni. Pita Daraja la Nyerere Kurasini, lipia tozo yako, vuka. Lina mita 680 na lami yake ni nzuri.

Tena ukiwa na chaji, usiitumie yote mjini. Gari lina mpangilio wa kutunza betri: tembelea V8 Barabara ya Mandela kwenye malori, moshi upo na paa umelifunga, halafu ukishavuka daraja fungua paa, badilisha uingie kwenye umeme, uende hivyo mpaka Mjimwema. Ondoka kabla ya saa moja asubuhi, baada ya hapo watu wa ufukweni wanaanza kujaa na bajaji zinakuwa nyingi.